Blanketi la Mchanga wa Kajaga

Katika daftari langu la miaka ile ya vita, kurasa zimegawanywa kwa rula katika safu nne: tarehe, saa, kilichotokea, hatua iliyochukuliwa. Ndivyo nilivyozoea kazini. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali huko Kigobe, na kazi yangu ilikuwa kuandikisha barua zinazoingia: imetoka kwa nani, inahusu nini, imepelekwa kwa nani. Binti yangu alipoacha kulala, nilichukua daftari jipya, nikapiga mistari ileile, nikaanza kumwandika yeye.

Alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumekimbia mtaa wetu wa Cibitoke asubuhi moja, mimi na yeye, na vitenge, sufuria moja na karatasi zangu za kazi. Sitaieleza asubuhi ile yote. Nilimfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, nikamkaza kwa vitenge viwili mpaka akalalamika kwamba anabanwa, na tulipofika kwenye lami alikuwa amelala fofofo, huku nyuma yetu mabati ya nyumba za watu yakipasuka kwa moto. Baba yake alikuwa ng'ambo ya ziwa tangu mwaka uliotangulia, alikokwenda kutafuta kazi. Barua zake zilifika moja moja, zikiwa zimefunguliwa na mtu mwingine kabla yangu.

Tulipata chumba Buyenzi, kwa bibi mmoja Mwislamu, mjane, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa mtaa ule. Uani kwake mlikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, bomba la maji katikati, na lango la bati lililofungwa kwa mnyororo. Waliokaa humo walitoka kila pembe ya mji. Hakuna aliyemwuliza mwenzake alikuwa mtu wa upande gani, kwa sababu jibu lolote lingeweza kumdhuru mtu.

Jua likishatua, ua ulikuwa na sheria zake. Taa zilizimwa kabla ya saa mbili. Redio zilifungwa. Aliyetaka kukohoa alikohoa ndani ya mto. Baada ya hapo tulisikiliza. Tulijifunza kutofautisha miguu inayopita barabarani: viatu vya jeshi vilikuwa na mlio mmoja, kandambili za vijana wenye marungu zilikuwa na mlio mwingine, na baya kuliko yote lilikuwa kusikia miguu inayosimama.

Katika ua kama huo binti yangu aliamka kila usiku akipiga kelele. Hakuwa analia. Mtoto anayelia unambembeleza. Yeye aliketi ghafla, macho wazi, bila kuniona, akatoa sauti moja ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake mchana. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Daftari linasema: "Saa 7.40. Kelele. Nilimziba." Usiku uliofuata: "Saa 8.15. Kelele mara mbili. Nilimziba. Aliniuma." Nilikuwa nahesabu vidole vyangu gizani kuhakikisha kwamba hakuna kilichofunika pua yake.

Katika chumba kilichopakana na chetu alikaa fundi wa magari ambaye gereji yake ilikuwa imeteketezwa. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye paa, kwa hiyo nilichosikia mimi alikisikia na yeye. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye mikono ambayo haikutakata hata kwa majivu. Asubuhi ya nane ya kelele hizo alinisubiri bombani, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "huyu mutoto wako iko natuitia watu. Leo hawajasikia. Kesho?"

Nilimwambia nitafanya kitu. Akaniuliza kitu gani, nikabeba ndoo yangu nikarudi chumbani. Mchana alikwenda kwa mwenye nyumba pamoja na wapangaji wengine wawili. Sikuwachukia. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa upande wa pili wa ukuta, ningekwenda nao.

Bibi aliniita kwenye mkeka wake. Alisema ana roho kumi na tisa ndani ya ua, nikaelewa kwamba alikuwa ametuhesabu wote, mimi na mwanangu tukiwa ndani ya hesabu hiyo. Alisema atanipa mpaka Ijumaa ya pili. Ikiwa mtoto atakuwa bado anapiga kelele usiku, itabidi tuondoke. Aliposema hivyo hakunitazama. Wote wawili tulijua mahali pa kwenda: madarasa ya shule moja kando ya mji, ambako watu walilala bila mlango, na ambako kila juma tulisikia kwamba fulani hakuamka.

Siku nne baada ya hapo, mizinga ilianza kutoka vilimani. Ilikuwa imewahi kupiga kabla, lakini safari hii ilikuwa inatembea, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi kuja kwetu. Tulikuwa tayari tumelala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha. Nilimvuta mtoto katikati ya chumba nikajilaza juu yake, kama tulivyokuwa tumeambiwa na watu waliopona. Nilishikilia uzito wa kifua kwa viwiko, lakini tumbo langu na miguu yangu vilimlalia. Lipu ya ukuta ilidondoka shingoni mwangu. Nilisubiri kelele yake.

Haikuja. Mizinga miwili ilipiga, mitatu, na chini yangu hapakuwa na sauti wala mtikisiko. Nikafikiri amekufa. Nilipeleka kidole gizani, nikaikosa pua, nikaipata. Pumzi ilikuwa ya joto, ndefu, ya taratibu. Alikuwa amelala. Alilala mpaka kulipokucha, katika usiku ambao hakuna mtu mzima aliyelala Buyenzi nzima.

Nilikaa na jambo hilo kazini siku nzima, nikiwa nimemwachia bibi mtoto kama kila siku. Nilikumbuka vitenge viwili vya asubuhi ya Cibitoke, na jinsi alivyolala huku amebanwa. Usiku nilijaribu: nilimwekea mkono na mguu tu. Alilala. Nilipoondoa mguu, aliguna. Nilipoondoa mkono, aliketi na macho yake yale, nikamlalia upesi kabla sauti haijatoka. Nikaandika: "Anataka uzito." Nilipiga mstari chini yake.

Lakini mama hawezi kuwa blanketi. Usiku wa tatu nilisinzia, nikaamka nikiwa nimemlalia na kifua, na sikujua kwa muda gani. Tangu hapo sikuthubutu kufumba macho. Ofisini niliandikisha barua moja mara mbili na nyingine sikuiandikisha kabisa. Nilijaribu vitu vingine. Koti langu na vitenge vyote vilivyokunjwa viliteleza. Mfuko wa mchele ulikaa mahali pamoja, naye akasema tumbo linauma. Ilikuwa wazi kwamba uzito wenyewe hautoshi, unahitaji kusambaa na usisogee. Ijumaa ya pili ilikuwa imebakiza siku sita.

Hatua chache kutoka kwetu palikuwa na mzee anayeshona magodoro barazani kwake. Aliyajaza sufi, akayapiga kwa fimbo mpaka yakaumuka, akayashona kwa sindano ndefu kama kidole cha mtu mzima. Nilimweleza ninachotaka mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai. Akaniangalia juu ya miwani.

"Miaka makumi tatu watu wananiombaka matela nyepesi," alisema, akipiga kofi godoro lililokuwa mbele yake. "We unataka blanketi nzito. Unataka kulala ao unataka kuzikwa?"

Wale wawili walicheka, nami nikacheka kidogo ili nisilie. Kisha nikamsogelea nikamweleza tena, polepole, tangu kelele za kwanza mpaka mizinga. Aliweka sindano chini. Alisema mkewe pia, tangu mtoto wao wa kiume achukuliwe, analala na mto kifuani ameukumbatia kwa nguvu, na yeye alikuwa anadhani ni baridi. Kisha akachukua chaki, akatandaza kitambaa cha godoro chenye mistari ya bluu, akaanza kuchora miraba, mitano kwa sita, kama ubao wa dama. Kila mraba ungekuwa mfuko wake, umeshonwa pande zote, ili kitu kilicho ndani kisihame.

Tulijadili tujaze nini. Tukachagua maharage, na hapo tulikosea wote wawili, kwa sababu sisi ni watu tunaodhani kwamba maharage yanafaa kwa kila jambo. Yalikuwa makavu, yanateleza, yana uzito. Mtoto aliyapenda. Usiku wa kwanza alilala mpaka saa tisa, usiku wa pili mpaka alfajiri. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mtoto mwenye hofu anakojoa kitandani. Nililianika blanketi asubuhi, lakini ndani halikukauka, na siku ya nne niliposhika kona yake niliona mifuko imevimba kama mashavu, nyuzi zimeachana, na kati ya mistari ya bluu vimetoka vichipukizi vyeupe.

"Mama, blanketi inazaa," binti yangu alisema, akiwa na furaha ya kweli.

Fundi wa magari alikuja kuona, akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema tungoje kidogo tuvune, labda bibi ataturuhusu kulima chumbani. Bibi mwenyewe hakucheka. Chakula chini ya mkojo wa mtoto, wakati huu wa njaa? Alinikalisha chini nikafumua kila mfuko kwa wembe, nikatoa maharage yote, tukayapanda nyuma ya choo. Yaliota vizuri sana. Hakuna aliyeyala.

Zilibaki siku mbili. Mwashi aliyekaa ng'ambo ya barabara alikuwa na nusu gunia la mchanga wa ziwa, alioubeba kutoka Kajaga kabla njia ya huko haijawa ya kupita kwa kusali. Ulikuwa mchanga laini, mweupe, wa kupigia lipu, na hakuwa na nyumba ya kupiga lipu. Alinipa. Niliuchekecha, nikauosha mara tatu bombani, kisha nikaukaanga kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikiukoroga kwa mwiko kama karanga, mpaka ukakauka na kuacha kunuka samaki. Wanawake wa uani walipita wakauliza ninapika nini. Niliwajibu: mchanga. Hawakuuliza tena. Niliona mmoja akimvuta mwanawe akae mbali na mimi.

Mzee alishona upya, kwa kitambaa mara mbili ili mchanga usivuje. Tuliweka vijiko vitatu vya mezani katika kila mfuko. Kabla sijalitumia, bibi aliniambia nilete blanketi na mtoto kwenye mkeka wake. Alimlaza chali, akamfunika mpaka kifuani, akahakikisha kidevu kiko nje.

"Toka," alimwambia.

Binti yangu alilirusha kwa miguu, akasimama akicheka. Bibi akamfunika tena, akamwambia atoke, naye akatoka. Mara tatu. Kisha bibi akanigeukia mimi, na nilimsikia kama nilivyokuwa namsikia mkubwa wangu wa kazi.

"Siku asipoweza kuitupa yeye mwenyewe, hiyo si blanketi tena. Umesikia, mwanangu? Na kichwa apana funika. Hata mizinga ikianguka hapa."

Nilimwambia nimesikia. Ijumaa ilifika, ikapita, na hakuna aliyetuambia tuondoke.

Kwa majuma mawili safu ya tatu ya daftari langu ina neno moja: "Alilala. Alilala. Alilala." Usiku mmoja: "Aliamka saa nane, aliniita, alilala." Fundi wa magari alianza kunisalimia tena bombani. Alimwita binti yangu "mama wa mchanga" na kumletea boliti za kuchezea. Mimi nililala pia, si sana, lakini nililala. Nilikuwa bado naamka kupima pumzi yake kwa kidole. Nikiwa na kidole hapo nilisikia miguu barabarani, nacho kikakaa palepale bila kusogea mpaka miguu ipite.

Kisha watu waliingia katika ua mmoja, milango mitatu kutoka kwetu. Tulisikia bati la lango, tukasikia sauti ya mtu akijitambulisha, akajitambulisha tena, halafu hatukusikia kitu. Asubuhi walikuwa wamechukua watu wanne. Kwa mazoea yangu ya kutaka kujua imetoka kwa nani na inahusu nini, nilikwenda kuuliza. Mtu wa kwanza aliniambia waliongozwa na kilio cha mtoto mchanga. Wa pili aliniambia kulikuwa na taa. Wa tatu aliniambia waliochukuliwa waliuzwa na jirani, na akamtaja jirani. Zilikuwa habari tatu tofauti kwa mlango mmoja. Nilirudi nyumbani na ile ya kwanza tu. Zile mbili nyingine niliziandika daftarini, nikazisahau.

Jioni hiyo fundi wa magari alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa amesikia habari hiyo hiyo. Hakuwa mkali. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliongea akitazama blanketi, si mimi.

"Ongeza kidogo, dada. Kidogo tu. Ili asiamke kabisa."

Nilifumua mishono kwa wembe usiku ule ule, mlango ukiwa umefungwa. Mchanga ulikuwa umebaki kwenye mkebe. Niliongeza kijiko kimoja kila mfuko. Kisha nikafikiria bati la lango la jirani, nikaongeza kingine. Sikumbuki niliamua lini kuendelea. Nilipomaliza, kila mfuko ulikuwa na vijiko tisa, na nilihitaji mikono miwili kuliinua blanketi. Nilimfunika. Akaniangalia. Nilimwambia alale. Sikumwambia bibi, na asubuhi nililikunja blanketi mwenyewe nikaliweka juu ya sanduku, mahali ambapo bibi asingelishika.

Usiku wa kwanza hapakuwa na sauti. Wala wa pili. Ndani ya siku sita hapakuwa na kelele, hapakuwa na kuita, hapakuwa hata na kuguna. Fundi wa magari alinishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nikimtazama mwanangu gizani, nikihisi pumzi yake kwa kidole. Ilikuwa fupi kuliko zamani, lakini ilikuwepo, nami nilijiambia kwamba inatosha.

Mambo mengine niliyaona pia. Niliyaona na kuyaandika, kwa sababu ndiyo tabia yangu. "Amesinzia kwenye uji." "Macho yamevimba." "Bibi anasema amelala mkekani kwake tangu nilipotoka mpaka niliporudi." Yote yako pale, kwa mwandiko mzuri, katika safu ya mchana. Sikuyaunganisha na safu ya usiku.

Bibi aliyaunganisha. Siku ya saba nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi mkekani, mtoto amelala pembeni yake, na blanketi limetandazwa juani mbele yao. Alikuwa amelishusha kutoka juu ya sanduku. Hakuuliza kitu. Alimwamsha mtoto kwa kumpapasa mguu, akamlaza chali, akainua blanketi, na nilimwona akikaza midomo kwa uzito wake. Akamfunika mpaka kifuani.

"Toka," alimwambia, kama mara ile.

Binti yangu hakucheka. Miguu yake ilisogea kidogo chini ya mistari ya bluu, ikatulia. Hakujaribu mara ya pili. Aligeuza kichwa akanitafuta kwa macho, nikaona kwamba hanitafuti nimsaidie. Alikuwa akisubiri ruhusa.

Bibi akamwuliza kama usiku analala vizuri.

"Mi silalaka, bibi," alijibu kwa sauti ndogo, ile ya baada ya saa mbili, ingawa jua lilikuwa bado juu. "Mi nanyamazaka tu."

Nililiondoa blanketi. Sikumbuki nani alisema nini baada ya hapo. Nakumbuka nilikwenda chumbani nikafungua daftari, nikasoma kurasa za siku zile sita. Neno "Alilala" halimo. Kila mstari nilikuwa nimeandika "Kimya". Mkono wangu ulikuwa umebadilisha neno tangu usiku wa kwanza na sikuuuliza kwa nini. Kumbe kila usiku alikuwa pale, macho wazi, amebanwa, akisikiliza miguu ile ile niliyokuwa nikiisikiliza mimi, na kidole changu puani mwake kikimwambia kwamba mama pia yuko macho na mama pia anaogopa.

Bibi hakunigombeza. Aliketi nami tukafumua mifuko yote thelathini kwa mwanga wa jua, tukabakiza vijiko vitatu vitatu. Mchanga uliozidi tuliumwaga kando ya bomba. Fundi wa magari aliporudi na kuona lundo lile, alielewa. Alimwambia bibi kwamba mtoto ataamka sasa, na akiamka atapiga kelele, na watu wakiingia hawatachagua chumba. Aliyasema bila ubishi, na kila neno lilikuwa la kweli. Bibi alimjibu kwamba anajua. Alimwambia kwamba amepokea watoto wa mtaa huu kwa mikono yake miaka arobaini, na cha kwanza alichosikiliza kwa kila mmoja kilikuwa sauti.

"Asiyetaka kusikia mutoto," alimalizia, "mulango haina kufuli mchana, aende."

Usiku ule nilimfunika binti yangu, nikamwambia kwamba akitaka kutoka atoke, na akitaka kuniita aniite. Hakuniamini. Kisha alijaribu: akalirusha blanketi kwa miguu, akangoja. Nikamfunika. Akalirusha tena. Tulifanya hivyo mara nyingi, gizani, bila kusema, mpaka mara moja alipofunikwa hakulirusha. Nikaweka kidole puani. Pumzi ilikuwa ndefu.

Risasi zilianza saa nane, upande wa mto, si mbali. Nilisikia mchanga ukimwagika ndani ya mifuko, ule mlio wake mdogo kama mvua juu ya majani, na kabla sijageuka alikuwa tayari juu yangu, mikono shingoni. Akalia. Hakupiga ile kelele ndefu. Alilia kama mtoto anavyolia, kwa kwikwi na kamasi, na kwa sauti. Mkono wangu ulipanda kuelekea mdomo wake. Nauona hadi leo mkono ule ukipanda. Niliupitisha juu ya mdomo, nikauweka kichwani mwake.

Barabarani palikuwa na viatu vya jeshi. Vilikuwa vinakuja kutoka upande wa soko. Mbele ya lango letu vikasimama.

Mtoto alilia. Nilimbembeleza kwa ule wimbo wa Kirundi ambao mama yangu aliniimbia, bila maneno, kwa puani. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Safu ya saa ya usiku ule ina mstari mmoja tu. Nilisikia mtu akiongea nje, mwingine akijibu, kiberiti kikiwashwa. Kisha viatu vikaendelea. Kwa nini viliendelea, sikuwahi kujua, na nimeacha kutafuta. Labda walitaka tu kuwasha sigara.

Asubuhi fundi wa magari alikuwa bombani kabla yangu. Binti yangu alitangulia na kikombe chake. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, tayari kwenda kumtoa.

"We ndiye ulilia usiku?" alimwuliza.

"Ndiyo."

Akafungua bomba, akamjazia kikombe, akakifunga.

"Hata mi," alisema. "Ila mi nilijiziba mudomo."

Siku tatu baadaye alihama. Alikuja kuniaga, alikuwa amepata mahali kwa ndugu yake, kwenye nyumba isiyo na watoto. Alinipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulishika sanduku la vyombo vyake vya kazi. Sikumlaumu na hakujitetea. Sijui kama alifika salama, maana miaka ile watu walipotea hata bila kufa.

Tulikaa kwa bibi mpaka binti yangu alipoanza shule. Aliendelea kuamka, wakati mwingine mara moja kwa juma, wakati mwingine kila usiku, kulingana na mizinga ya vilimani. Niliogopa kila mara. Sikuwahi kuzoea. Lakini nilirudisha neno la zamani daftarini, na nililiandika pale tu nilipokuwa na hakika nalo. Usiku ule wa viatu vya jeshi unasomeka hivi: "Saa 8. Alilia. Sikumziba. Alilala."

Lundo la mchanga lilibaki kando ya bomba. Mchana alichuchumaa hapo na boliti alizoachiwa, akizifukia na kuzifukua, akiongea peke yake kwa sauti ya juu sana. Bibi alikuwa amewaambia watu wote wa uani kwamba hakuna kumnyamazisha mpaka saa mbili.